Ruhusa ya Kupiga Modemu

Sijamsamehe Chef, na sijisingizii utakatifu. Wakati wa vita, bureau, yaani ofisi, ya kanisa letu pale Baraka ilikuwa na kompyuta moja ya Linux na modemu iliyounganishwa na simu ya satelite. Barua za ndugu zetu waliokimbilia Kigoma zilikaa ng'ambo mpaka modemu ipige simu na kuzishusha. Mimi nilikuwa dactylo, mpiga chapa wa barua. Mwalimu, muuguzi na mwinjilisti nao walikuwa na majina yao ya kuingilia. Kuandika tuliweza, kupiga modemu, thubutu! Hiyo ilikuwa haki ya root peke yake, jina la msimamizi mkuu wa kompyuta, na neno la siri la root alilijua Chef tu, mkuu wa bureau.

Mama yangu alikuwa Kigoma, mgonjwa. "Chef, unipigie kidogo, mama iko mugonjwa sana."

Akaniangalia huku akichokonoa meno. "Modemu haiko ya kila muntu."

Kosa langu? Aliposhuka kutoka milimani Bibokoboko sikukimbia kumpokea sakoshi, mkoba wake. Basi! Akafunga mlango, akaenda zake Kazimia kutafuta samaki. Aliporudi na kupiga, barua mbili zilishuka pamoja: moja ya kuniita niwahi boti, nyingine ya kunipa pole. Kwetu nyumbani binti wa kwanza ndiye humwosha mama yake aliyefariki. Mama yangu alioshwa na watu baki. Chef akasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu gani, yule aliyekuwa sokoni Kazimia?

Nikarudi mezani kuandika. Kimya kingi kina mshindo.

Siku miwani yake ilipovunjika, aliniita niandike badala yake, akanitajia neno la siri herufi kwa herufi. Alipokwenda kula, nikaingia kama root. Linux haiangalii ukubwa wa tumbo. Inaangalia kama jina lako limo katika kundi lenye haki ya kutumia modemu. Nikatia humo majina ya muuguzi, mwalimu, mwinjilisti, na langu mwenyewe. Kisha nikabadilisha neno la siri. Chef hakuwahi kujitengenezea jina la kawaida kama letu. Alijiona mkubwa mno, na sasa hakuwa na pa kuingilia.

Alipogundua alifoka mpaka mate yakaruka. Lakini wazee wa kanisa walikuwa wameshapata habari za wajukuu wao. Nani angenifukuza?

Halafu vita vikapanda tena, mke wa Chef na watoto wakapanda boti kukimbilia Kigoma. Akaja kwenye meza yangu. "Mama," aliniita, mimi ambaye siku zote nilikuwa "we" tu. "Unipigie. Sijue kama bamefika."

"Umuombe muuguzi. Umuombe mwalimu. Bote bako na ruhusa. Mi sikupigie."

Akamwendea mwinjilisti, akaomba kwa mikono miwili. Modemu ikalia, barua ikashuka: wamefika, wote wazima. Chef akapiga magoti sakafuni, akalia kwa furaha, na wenzangu wakaimba haleluya. Mimi niliendelea kuandika. Mungu anajua kwamba barua niliyokuwa ninaingojea haikuwa ile, bali ya pole, kama yangu.