Nilimlipa Senga Mpaka Senti ya Mwisho, Nikamwibia

Mimi ni mwizi. Nasema mwenyewe kabla hamjaniuliza. Nilimwibia shangazi yangu kwa kumlipa deni lake lote, mchana kweupe, mbele ya sheikh na mashahidi, na dua tukasomewa!

Chekeni tu. Hata mimi hucheka, kisha chai hunishinda kunywa.

Natoka katika zile familia za Waislamu wa Kampala ambazo babu zao walipanda bara na bidhaa za pwani wakasahau kurudi. Kwetu shangazi tunamwita senga, kama Waganda. Senga yangu alikuwa mjane asiye na mtoto. Mali yake ilikuwa kiwanja kimoja Kawempe, chenye vyumba alivyopangisha. Nilipokosa nafasi ya kusomeshwa na serikali, nikapata chuo Nairobi kusomea uinjinia wa umeme, akakiuza chote.

"Nenda kasome," akaniambia. "Mimi nitapanga chumba Kamwokya. Ukianza kazi utanirudishia, nami nitafute pengine pa kujenga."

Ulikuwa mkopo, si zawadi. Tulishikana mikono.

Kule Nairobi nilikuwa bingwa wa kupiga hesabu. Mshahara wa injinia upande huu, deni la masomo upande ule. Ilikaa vizuri mno: miaka michache ya kujibana, nimemaliza. Nilikuwa nimefundishwa kwamba volti ni volti, iwe Jinja iwe Mombasa. Nikadhani na shilingi ni hivyo hivyo.

Nikarudi nyumbani wakati wanajeshi wameshika nchi. Wahindi wamefukuzwa, na maduka yao yamebaki na wenye bahati na rafu tupu. Nikapata kazi serikalini. Mwaka wa kwanza tu, ningejibana, Senga angepata kiwanja kidogo huko huko Kawempe.

Nikanunua gari! Injinia atembee kwa miguu? Gari lenyewe nililisukuma kuliko lilivyonibeba.

Kisha bei zikapaa. Sukari, sabuni, chumvi, vyote vikaingia magendo. Jirani yangu Twaha, aliyeacha shule kabla ya kuijua sehemu ya desimali, akawa mmoja wa wale matajiri wapya tuliowaita mafuta mingi. Akinikuta nasukuma gari, alishusha kioo cha lake.

"Injinia! Wewe nasoma mingi sana. Sasa umeme nakula na nini? Na muhogo?"

Nilirudi ndani nimefura, nikapiga hesabu upya ili nijiridhishe kwamba shule haikuwa hasara. Ndipo nikaona jambo. Bei zinapanda, mshahara unajikokota nyuma yake, lakini deni la Senga limesimama palepale! Kila mwezi nikichelewa, linakuwa jepesi. Hapo mimi na shetani tukapeana mkono, na sina hakika nani alimfundisha mwenzake.

Nikachelewesha. Makusudi!

Senga akiuliza, namjibu, "Subiri kidogo, senga. Nyakati ni mbaya." Zilikuwa mbaya kwake. Mimi zilikuwa zinanilipia deni.

Ilipofika siku ambayo deni zima halikunitisha tena, nikamwita sheikh wa msikiti wetu na wazee wawe mashahidi. Nikazipanga noti juu ya mkeka. Senga akazitazama.

"Mwanangu, hizi leo zinanunua nini? Kiwanja kile? Hazinunui hata mlango wake."

Nilikuwa na jibu tayari, la msomi.

"Senga, nikiongeza hata senti ni riba. Unataka kula riba?"

Jamani! Mwanamke aliyenisomesha, nikamfanya mla riba mbele ya watu!

Sheikh akakohoa. "Akiongeza kwa hiari yake, bila kushurutishwa, si riba. Lakini hiari ni yake, siwezi kumtolea mimi."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Nimelipa nilichokopa, sheikh." Akasoma dua haraka haraka, kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Senga hakulia. Alizifunga noti kwenye pembe ya kanga. "Nimepokea. Hatudaiani, injinia."

Injinia! Hakuniita mwanangu tena hadi anakufa.

Nilipooa, alikuja arusini amependeza, akanipa zawadi kwa mikono miwili: noti zile zile. "Hazijapungua hata moja, injinia." Kufikia hapo zilitosha soda za meza moja. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikasema asante.

Hapo ndipo nilipochomwa. Niliuza gari, nikampelekea fedha Kamwokya. Akasimama mlangoni, hakunikaribisha.

"Hizi ni za nini? Tulimalizana mbele ya sheikh."

"Ni hiari yangu, senga."

"Hiari yako ilikuwa siku ile. Leo hii ni aibu yako, na mimi sili aibu ya mtu."

Alifia katika chumba hicho cha kupanga, na mwenye nyumba alikitaka kabla hatujasoma arobaini.

Marafiki hunifariji: ndugu, ulikuwa utawala ule, uliharibu kila kitu. Naikataa faraja hiyo! Wanajeshi walichukua mengi katika nchi hii, na mengine sitaki kuyataja. Lakini hakuna askari aliyewahi kunigongea mlango akaniamuru nimzungushe shangazi yangu. Hilo nililifanya peke yangu, kwa akili niliyosomeshwa naye.

Na msinijie na ile ya Twaha, kwamba digrii hailipi. Inalipa! Sijutii hata saa moja ya darasani, na ningezaliwa tena ningesomea umeme ule ule. Anayelinganisha mshahara na deni hakosei kulinganisha. Anakosea akidhani upande wa deni kuna namba tu, hakuna mtu anayevujiwa na paa.

Wewe unayesoma hapa, na unamjua aliyeuza kiwanja, ng'ombe au bangili ili usome, usimpelekee noti alizotoa. Uliza kiwanja kile leo ni bei gani, umpelekee hiyo. Na mpelekee leo, angali ana moyo wa kupokea.