Maalim wa Bute aliponiuliza hewani nani ameuona mwezi

Wakuu, heshima zenu.

Nimeona ndugu zetu humu wakishikana mashati juu ya nani ni Mwislamu wa kweli na nani amejificha nyuma ya ID. Naomba niwape yaliyonipata mimi mwenyewe, bila kuongeza chumvi, enzi ambazo mtandao wetu ulikuwa redio.

Miaka ya tisini, nikiwa nimetoka chuoni na cheti cha ufundi wa redio, niliajiriwa kwenye duka la taar katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley. Taar ni redio ya mawasiliano: unaita mji wa Bute, unaita mji wa Kutulo, na kila aliye kwenye masafa hayo anakusikia. Habari za ngamia, posa na misiba zilipita hadharani. Uso wa mtu hukuuona kamwe.

Jina langu ni Daudi, ila hewani waliniita Daud. Hewani nilisalimia "asalaam aleykum" kama wote, kwa adabu. Hakuna aliyeniuliza dini, nami sikuitangaza.

Jioni moja mwishoni mwa Ramadhani, mwezi ulionekana. Niliuona mwenyewe nikiwa mlangoni, na upande wa msikitini nikasikia watu wakishangilia kwamba wameuona. Tajiri wangu na wateja walikuwa bado msikitini. Redio ikaita.

Alikuwa Maalim Abdi, aliyefundisha Kurani kule Bute. Kwao mawingu yalikuwa yametanda.

"Daud, watu hapa wananivuta kanzu. Kesho ni daku ama ni mbuzi? Ova."

"Mwezi umeonekana, Maalim. Ova."

"Nani ameona?"

"Mimi, na wengine hapa."

"Basi sema wallahi, halafu unipe shahidi wa pili."

Wakuu, nilikwama. Mji mzima ungekula au ungefunga kwa neno langu. Kufunga siku ya Idi ni haramu. Kula mchana wa Ramadhani ni dhambi. Nilifahamu kwamba shahidi wa mwezi hutakiwa awe Mwislamu. (Msiniulize kwa nini sikulifikiria hilo kabla ya kujibu "mimi". Ujana.)

"Maalim, mimi ni Mkristo. Ova."

Nikajua kazi imekwisha, na kila salamu niliyowahi kuitoa sasa itaonekana ulaghai.

Ndipo ikaingia sauti kutoka Kutulo. Ni Eedo Fatuma, shangazi wa kila mtu, muuza maziwa aliyependa kusikiliza ya watu.

"Kwani Maalim hukujua? Sisi tukiwa kwa swala ya magharibi, hii kijana inaita tu 'Kutulo, Kutulo'. Swala yangu imeharibika mwezi mzima. Mwislamu gani huyo?"

Vicheko vikatoka hata kwenye vituo ambavyo sikujua vinasikiliza.

Maalim hakucheka. "Sawa. Kwa mwezi nataka Waislamu wawili. Kimbia msikitini uniletee walioona."

"Na utajuaje kwamba ni Waislamu, Maalim? Nao ni sauti tu."

"Wewe utaniambia."

Nilikimbia, wakuu, nikarudi na wawili walioona, nikamwambia ni Waislamu. Bute wakachinja.

Funzo nililolipata ni kwamba dini hutuambia nani anafaa kushuhudia nini, na hilo naliheshimu hadi leo. Ila kuaminika ni jambo jingine, na siku ile nililipata kwa kusema kitu nilichodhani kingeniharibia.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu hujawahi kumwona sura, lakini ungefungua saumu kwa neno lake?