Wati Tano za Marehemu Zainulabedin

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mikindani, kuanzia Magengeni hadi Mitengo, pamoja na jamaa walioko Mtwara mjini, Dar es Salaam na kokote kule ambako umbea hufika kabla ya salamu, kwamba Bi Hawabai, mjane, umri miaka sabini na moja, mpishi wa bajia asiye na mpinzani, anaishi tena na mume wake. Mume huyo, marehemu Zainulabedin, alizikwa mwaka juzi kwa heshima zote. Kwa sasa ana wati tano, ananing'inia darini katika chumba cha ndani, na hazimiki.

Enzi za uhai wake Zainulabedin aliuza vitambaa na kuzima taa. Vitambaa alivifunga saa kumi na moja jioni. Taa hakuwa na saa. Ukitoka chumbani kuchukua kijiko, ukirudi giza. Katika ndoa ya miaka arobaini na sita, neno la mapenzi alilomwambia mkewe mara nyingi kuliko yote lilikuwa "Zima." Gesi ya Madimba ilipopita kwenye bomba kwenda kuwawashia watu wa Dar, wenzake walinuna barazani. Yeye alisema waende nayo, sisi tuzime.

Ila globu za LED hakuzitaka. Alisikia kwamba zile za zamani, zenye uzi ndani, zitakwisha madukani, akanunua katoni nzima akaificha chini ya kitanda. "Taa isiyo na joto ni taa ya maiti," alisema. Alikuwa mtu wa kusema mambo kama hayo huku anakula.

Alikufa baada ya adhuhuri, mchana kweupe, kwenye giza. Chumba cha ndani hakina dirisha. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kama urefu wa mkono, na taa ikizimwa humo saa saba mchana huoni hata kidole chako. Alijilaza, akasema, "Mama Fatema, zima." Hawabai akazima, akafunga mlango, akaenda jikoni kukata vitunguu. Alipofungua mlango alasiri, mume alikuwa amekwisha poa.

Kifo chenyewe angekimeza. Kilichomkaa kooni ni kutojua kama aliitwa. Siku ile mafuta yalikuwa yanachemka, na mafuta yakichemka husikii mtu chumba cha pili, seuze mtu anayekufa. Tangu hapo hakuigusa tena swichi ya chumba kile. Taa iliwaka usiku na mchana, globu moja ikikatika anaweka nyingine, mpaka mwaka huu katoni ikaisha.

Ndipo akaja Shahzad, mtoto wa shemeji yake, mwenye duka la vifaa vya umeme Mtwara mjini, na boksi la LED mkononi.

"Mama mkubwa, hizi zinakula umeme kama ndege."

"Ndege gani? Kunguru wa hapa wanakula sabuni."

Akafunga sebuleni, jikoni, uani, chooni. Akamalizia chumba cha ndani. Akawasha: nuru nyeupe, kila ufa wa ukuta ukaonekana, hata alama ya kichwa kwenye mto ambao hakuna aliyeufua. Akazima.

Taa haikuzima. Ilibaki na mwanga hafifu wa bluu, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

Shahzad akawasha, akazima. Jicho likabaki. Akawasha, akazima. Mfanyabiashara yule, anayeuza globu hizo hizo kwa waranti ya miaka miwili, akatoka chumbani kinyumenyume, kandambili moja ikabaki ndani, na hakuirudia.

Jirani yao Somoe, mkaanga vitumbua, alikuwa dirishani kwa bahati mbaya ya kila siku. "N'nakwambia, n'tu yule karudi," aliwaeleza wateja. "Maisha yake yote kazima taa za wenzake. Sasa kaambiwa huko, rudi ukaone inavyokuwa."

Wakaja watu. Alikuja mzee kutoka Nanyamba kuuliza kama mvua itaharibu maua ya mikorosho. Taa haikubadilika, akaondoka ameridhika. Alikuja maalimu, akasoma, akapuliza pembe nne za chumba, akaangalia juu kwa muda. "Huyu si jini," akatoa fatwa. "Jini angekuwa ameshaondoka. Wageni wengi mno."

Shahzad hakucheka. Usiku alikuwa halali, na mchana wateja walimwuliza globu zake zinakuja na marehemu au marehemu anauzwa peke yake. Akampigia simu Fatemazehra, binti wa Hawabai aliyeko Dar, wakakubaliana. Ijumaa gari linakuja. Mama mkubwa atahamia kwa Shahzad, ghorofa ya pili, Shangani, Mtwara mjini. Nyumba itafungwa.

"Mimi siendi," alisema Hawabai.

"Mama mkubwa, utakaa vipi na kitu hicho?"

"Nimekaa na mwenyewe miaka arobaini na sita."

Lakini hakumwambia alichokuwa anakifanya. Kila siku, baada ya adhuhuri, alichukua kigoda akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango, akabonyeza ile swichi aliyokuwa haigusi. Nuru nyeupe ikaondoka, likabaki lile jicho. Mwanga wake haukufika hata ukutani. Ulitosha kuonyesha ukingo wa kitanda, na mahali ambapo mikono ya marehemu ingekuwa. Popo walikwaruza juu ya dari. Harufu ya chumba ilikuwa ile ile, karafuu na mafuta ya nywele, na ilipopanda ghafla, bila upepo, nywele za mikono zilisimama.

"Uliniita?" aliuliza.

Akangoja mpaka alasiri. Kesho yake akauliza tena. Mwezi mzima.

Alhamisi Shahzad alimtuma fundi Mikaeli akakate umeme wa nyumba kabla haijafungwa. Mikaeli ni mtu wa Songea, aliyekuja Mtwara kubeba mizigo bandarini akaishia kubeba bisibisi, na rozari yake hukaa begini pamoja na testa. Nyumba hiyo aliifungia umeme yeye mwenyewe, ujana wake. Aliingia chumba cha ndani, akazima, akatazama juu. Kisha akakaa kitandani kama aliyepigwa ngwala.

"Mama. Funga mlango."

"Hata wewe umemwona?"

"Nimejiona mimi." Akajifuta uso. "Chumba hiki nilikosea. Swichi inatakiwa kukata waya wa moto. Mimi nimeifunga ikakata ule wa kurudi. Ukizima, umeme bado umekaa juu pale. Globu za zamani hazikujali, zilitaka umeme mwingi ndiyo ziwake. Hizi LED zinawaka hata kwa umeme wa kunusa."

Hawabai akaigeukia swichi.

"Mzee alinisimamia siku ile, Mama. Kila nikigeuka ananizimia kandili. Nikafunga gizani. Na ni hatari! Miaka yote unabadilisha globu hapo, ingeweza kukurusha."

"Ukirekebisha?"

"Itazima. Kabisa." Akashusha sauti. "Nisiporekebisha, Shahzad anakuhamisha. Nikirekebisha, unabaki na nyumba, lakini..." Akainua kidevu kuelekea dari. "Niseme nini kwa Shahzad? Wewe amua. Mimi jina langu la ufundi limekwisha hata hivyo."

Mama wa watu akatazama lile jicho la bluu muda mrefu, mpaka Mikaeli akaanza kuchezea testa. Popo mmoja akakwaruza. Harufu ya karafuu ikapita.

"Njoo kesho na ngazi," akasema. "Fanya Shahzad akiona."

Ijumaa gari la mizigo lilipaki nje, Somoe akahamisha jiko lake la vitumbua ili aone vizuri. Mikaeli alikiri mbele ya wote. Shahzad alimtukana kwa Kigujarati, halafu kwa Kiswahili ili aelewe. Umeme ukakatwa nje, kiboksi cha juu ya mlango kikafunguliwa, nyaya mbili zikabadilishana mahali, umeme ukarudi. Dakika ishirini. Nuru nyeupe ikawaka juu ya kitanda, juu ya mto, juu ya kandambili ya mtu.

"Nizime?" Mikaeli akauliza.

"Ondoka hapo," alisema Hawabai, akafunga mlango, akaweka kidole chake mwenyewe.

Giza likaja lote kwa mpigo. Juu hapakuwa na jicho, hapakuwa na ukingo wa kitanda, hapakuwa na mikono ya mtu yeyote. Hata popo walinyamaza. Walisimama watatu ndani ya giza lile la mchana, kila mmoja akisikia pumzi za wenzake na kuzihesabu kimoyomoyo, na hesabu haikutulia: mara wawili, mara watatu.

Dereva wa gari akapiga honi nje. Hakuna aliyetoka.

"Mama mkubwa." Sauti ya Shahzad ilikuwa ndogo, ya kaburini. "Somoe ameniambia ulikuwa unaingia humu kila siku, unafunga mlango. Mwezi mzima. Niambie ukweli, sitamwambia mtu. Alikuwa anakwambia nini?"

"Taa haisemi, Shahzad. Kamwambie dereva aende."