Karatasi ya Mikono Sita

Maganda ya mahindi yakichemshwa kwenye maji ya majivu hutoa harufu inayokuchezea. Mwanzoni unadhani ni mahindi mabichi na mate yanakujaa, halafu harufu inageuka kuwa ya nyasi zilizolowa pamoja na sabuni ya kufulia. Hiyo ndiyo harufu iliyokuwa ikitoka jikoni kwetu, kwenye mteremko ulio chini ya soko la Kiptere, msimu ule baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku. Watu waliorudi kutoka kituo cha kuuzia majani chai, vikapu vitupu vikining'inia mgongoni, walisimama kwenye ua wetu kunichokoza. "Kiprono! Leo mnakula nini, ugali ama karatasi?" Mdogo wangu Kibet, aliyekuwa hajang'oa hata jino moja la utotoni, aliwajibu kwa sauti kubwa kutoka ndani: "Karatasi! Na mboga ni bahasha!"

Mama alikuwa amefariki mwaka huohuo, wakati wa palizi. Baba alitangulia, Kibet akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa darasa la saba, na baada ya mazishi ya mama sikurudi shuleni. Hakuna aliyenikataza kurudi; ilikuwa tu kwamba asubuhi majani chai yalihitaji kuchumwa, na mchumaji nilikuwa mimi. Mama alituachia ile miti ya chai iliyo nyuma ya nyumba, na fremu ya kutengenezea karatasi. Kazi ya karatasi alijifunza pamoja na akina mama wa kanisani, lakini wenzake walikuwa na fremu ndogo za kushikwa na mtu mmoja. Yeye alimwagiza fundi amtengenezee kubwa, ili kila karatasi itoe bahasha kadhaa na bado ibaki ya kufunika vitabu vya shule. Kwa hiyo fremu yetu ilitaka watu watatu. Wawili waliizamisha kwenye pipa lililopasuliwa kwa urefu, lililokuwa hori la ng'ombe tulipokuwa bado na ng'ombe, wakaiinua polepole huku maji yakichuruzika kwenye wavu. Wa tatu aliweka kitambaa juu na kushika kona wakati wa kuipindua. Mmoja akikosea, karatasi mbichi inapasuka kama utando wa maziwa. Mama alipokuwepo, kona ilikuwa ya dada yetu Cherono. Alipoondoka, Cherono alisogea mahali pa mama, na kona akapewa Kibet.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, aliishi Kapkatet. Alikuja siku chache baada ya mazishi, akaketi sebuleni na kuniambia alivyopanga: Kibet angeenda kwake, Cherono angeenda kwa shangazi kule Kipkelion, na mimi nibaki kuangalia chai. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, akitazama kofia iliyokuwa mapajani mwake. "Kijana wangu, mtoto hawezi kulea watoto." Nilimwomba atuache kwanza. Akasema, "Basi. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka nitakuja kuona. Nikikuta nyumba inasimama, tutaongea. Nikikuta inaanguka, nitaondoka nao." Tangu siku hiyo, kila nilichofanya nilikipima kwa macho yake. Nilifagia uani kama mtu anayengoja mgeni wa heshima.

Mifuko ya plastiki ilipotoweka madukani, Mama Moraa, mfanyabiashara aliyetoka Kisii na kufungua duka pale sokoni kabla sijazaliwa, alikumbuka bahasha za mama. Akaniita na kuniuliza kama tungeweza kumtengenezea mifuko midogo ya kupimia sukari na unga. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mahindi yalikuwa yamevunwa, kwa hiyo maganda yalikuwa tele hata kwa majirani. Tuliyachemsha, tukayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa kama uji mzito, tukainua fremu yetu. Taabu ilikuwa mvua. Huku kwetu mvua haikosi kufika alasiri, na karatasi iliyoanikwa nje asubuhi inarudi kuwa uji. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya: nikazipandisha darini, juu ya moto wa jikoni, mahali ambapo mama alikuwa akikausha mahindi ya mbegu, kuni na vibuyu vya maziwa. Zilikauka vizuri sana. Tulikunja mifuko, tukaigundisha kwa uji wa ngano, nikaipeleka sokoni nikitembea kwa madaha.

Mama Moraa alichukua mmoja, akautia pua ndani. Akanitazama. "Kiprono, huu ni mfuko ama ni sotet?" Wateja wakaangua kicheko, maana sotet ni kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na kila mtu alijua harufu yake ya moshi. "Nikitia sukari humu, chai ya watu wa Kiptere yote itakuwa mursik! Hii nitawekea misumari na vitunguu. Ya sukari niletee isiyonuka moshi, na uharakishe, Krismasi inakuja."

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, na hofu pia, kwa sababu shule zilikuwa karibu kufungwa. Ni Cherono aliyesema, huku akimenya viazi, "Si tuzibandike sebuleni?" Kuta za sebule zilikuwa laini, mama alizisiriba mwenyewe, na hapakuwa na moshi. Tukatoa viti, tukakunja magodoro, tukaliingiza pipa. Karatasi zikalala sebuleni, sisi tukalala jikoni.

Baba mdogo alifika tukiwa tumeinua fremu. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akatazama kuta za nyumba ya kaka yake zilivyovaa karatasi kuanzia chini hadi juu, kisha akatutazama sisi. "Kibet," akasema, "kalete nguo zako."

Kibet hakugeuka. "Siwezi kuja, baba mdogo. Nimeshika kona."

Hakuna aliyecheka. Upande wa Cherono ukaanza kulegea kwa uzito. Nikasema kitu pekee nilichoweza kusema: "Baba mdogo, tusaidie hapo, tafadhali." Aliweka mkoba chini, akakunja mikono ya koti, akashika upande wa Cherono. "Usivute," Kibet alimwelekeza. "Wewe shika tu." Kidole gumba cha baba mdogo kikapenya karatasi mbichi. "Umeitoboa!" Kibet alimfokea kama nyapara wa mashamba ya chai, na hapo baba mdogo akacheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko. Tulirudisha uji kwenye pipa na kuinua nyingine. Ile ilitoka nzima.

Usiku alikula nasi jikoni. Aliuliza mambo mengi: nani anamwamsha Kibet, nani alishona sare ya Cherono, chai inachumwa siku gani. Asubuhi aliondoka peke yake, amebeba karatasi za kufunikia vitabu vya watoto wake. Kabla ya Krismasi Mama Moraa alipata mifuko yake ya sukari isiyonuka moshi. Shule zilipofunguliwa baba mdogo alirudi na viatu vya Kibet. Habari ya kuwatenganisha hakuitaja tena, nami sikumkumbusha.

Siku hizi watu wa mjini wananunua daftari na kadi zangu kwa sababu, wanasema, hazichafui mazingira. Sisi hatukuwa na neno hilo. Tulikuwa na maganda na mvua. Cherono anasomea uuguzi na anaishi kwa baba mdogo kule Kapkatet, kwa hiari yake. Kibet ananizidi urefu, na yuko shule ya bweni. Nimejitengenezea fremu ndogo ninayoiinua peke yangu, na kusema kweli karatasi yake ni laini kuliko zile za zamani. Ile ya mama nimeitundika ukutani sebuleni. Shule zikifungwa naishusha, naibadilishia wavu ukiwa umeoza, najaza pipa maji, halafu naketi mlangoni kuwangoja. Kibet akifika, hata kabla ya kunywa chai, anauliza kona yake iko wapi.