Siku Walipotaka Kumvua Ilunga Jina

Tarehe tisa ya mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu, hapa Kapata. Tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama, nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nawe, mwanangu, ulinifuata matangani ukaniambia kwa sauti ndogo kwamba daktari wa Lubumbashi amesema mtoto wako asiyesema ana otizimu; ukauliza kama imetoka kwako au kwa mume wako. Jibu nakupa leo, si siku ile. Watu walikuwa wengi.

Nakumbuka kaka yako Ilunga alipokuwa na miaka minne. Hakusema, hakumtazama mtu usoni, na ukimgusa alilia kama ameungua. Alibeba jina la babu yenu, na kwetu Waluba mwenye jina la mzee huheshimiwa kama mzee mwenyewe. Basi baba yako mkubwa akaitisha kikao sebuleni mwetu. Jina la baba yao linachafuka, alisema, wampe mtoto mwingine. Na damu hiyo mbaya imeletwa na mwanamke. Mwanamke ni mimi. Baba yako akatazama sakafu. Mimi nikafunga na kufungua kitenge changu.

Mama mkwe alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Hakuacha, akawauliza wanawe juu ya tata, yaani baba yao:

"Tata yenu mulimusahabu? Mi njo nilikuwaka muke yake. Alikuwa anakula bukari ya muhindi mu sahani moja tu. Ukibadirisha, analala njala. Bageni bakifika, anajifungia mu chumba. Kampuni ya kazi yake ilimusifu juu alijua kila chuma ya mabehewa. Kati yenu nani anamufanana? Huyu mutoto tu."

Baba yako mkubwa akasema mzee alikuwa mkimya, basi.

"Kimya ya kupenda sahani kupita muke?"

Wakacheka, hata baba yako. Jina likabaki.

Mwanangu, shule yangu iliishia ya msingi, nakupa nilivyoelewa maneno ya daktari uliyonisimulia. Mara nyingi hali hii hupita katika damu ya wazazi, upande mmoja au pande zote mbili. Pengine huanza kwa mtoto mwenyewe. Aliyeirithisha hana kosa, kama ambavyo hukuchagua pua yako. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; lakini yapo anayokuja nayo kabla hujamshika. Usikubali wakufanye mkosaji, wala usimtafute mkosaji kwa mumeo. Mimi mwenyewe bado naogopa: nikifa, Ilunga atasemewa na nani? Mungu akupe mikono yenye subira, na mwanao asikose wa kumsemea.

Makaburini wewe ulibaki nyuma na mtoto, hukuona. Watu walipoinama kuchukua udongo, baba yako mkubwa aliwazuia kwa fimbo yake. Akamgeukia Ilunga, aliyesimama mbali ameziba masikio.

"Tata, anza weye. Ni muke yako."

Ilunga akaja, akatupa udongo kidogo, akapangusa vidole kwenye suruali, akaenda zake nyumbani kabla wimbo haujaisha.