Safari ya Bi Ziada Isiyo na Maiti

Bi Ziada wa Mtanda ni mpishi katika nyumba moja ya wageni hapa Lindi, na kwa miaka mingi salamu yake kwa mgeni ilikuwa moja tu: "Poleni, mmefiwa na nani?" Msimlaumu. Sisi tunasafiri kwa kuoza mabinti, kwa kuuguza na kwa kuzika, na ndugu zake Bi Ziada walipendelea zaidi kufa. Basi akawapa pole wazungu waliotoka kutazama magofu ya Kilwa. Akampa pole mzee aliyekwenda Tendaguru kuona ilikochimbwa mifupa ya mijusi mikubwa, na huyo walau alimwelewa, maana mifupa ni mifupa. Akawapa pole hata familia ya Dar iliyokuja kupumzika ufukweni. "Kwani kwao hawana vitanda?" aliniuliza.

Aliyemharibu ni binti mmoja aliyevuka bahari kuja kumtazama komba wa msitu wa Rondo, kule mlimani. Komba! Rondo ndiko alikoolewa Sauda, mdogo wake Bi Ziada, na Bi Ziada ameupanda mlima ule mara nyingi, kila mara akilia. Hajawahi kuuona kwa macho makavu. "Jirani," akaniambia, "kabla sijafa nataka safari moja tu, niende Rondo bila mtu kufa." Nilimwambia ana homa, lakini alishaamua.

Siku ya kuondoka, mumewe, Mzee Khamisi, alimwona na mkoba.

"Nani kafa?"

"Hakuna. Naenda Rondo kutembea."

"Mke wangu, mimi mtu mzima. Niambie tu."

Sasa, kwetu habari ya msiba haisemwi papo kwa papo. Huzungushwa mpaka mtu akae, anywe maji. Kwa hiyo "hakuna" ndilo jibu la kutisha kuliko yote. Alipokwisha kuondoka, majirani tulikutana barazani tukapima mambo: ametabasamu mno, na kikapu cha samaki wa kumpelekea mdogo wake hakubeba. Dalili ya mvua mawingu. Maskini Sauda, amekufa! Tukakodi pikapu, tukapakia mchele, mikeka na masufuria, Mzee Khamisi tukamkalisha mbele na dereva.

Kule Rondo, Sauda alikuwa shambani anapalilia. Kumwona dada yake anatokea bila taarifa, akatupa jembe.

"Nani, dada? Nani?"

"Hakuna, mdogo wangu. Nimekuja kutembea tu."

"Yarabi, ni shemeji!"

Kilio kikaanza, wanakijiji wakajaa. Wakampigia simu Mzee Khamisi, hapatikani, kumbe yuko njiani nasi pasipo mtandao. Basi ikathibitika. Bi Ziada aliapa kwamba kamwacha mumewe mzima anakula kitumbua, lakini walivyozidi kumlilia, naye akaingiwa na shaka. Labda kitumbua kilimkaba. Tulipofika tulimkuta katikati ya mkeka, analia kuwashinda wote.

Ndipo marehemu alipoteremka garini. Sauda akamwona marehemu, na Mzee Khamisi naye akamwona marehemu, kila mmoja akatimua mbio upande wake. Mzee wetu tulimtoa kwenye mikorosho akisoma dua, kiatu kimoja tu mguuni.

Mambo yalipotulia, Bi Ziada aliwaka. "Safari yangu moja! Moja tu! Nimeitamani hivi, nanyi mmenifuata na masufuria!" Akaketi, akajifunika uso kwa mtandio. Nilimwonea huruma kwelikweli.

Sauda akamsogelea polepole.

"Dada, hakuna aliyekufa?"

"Nimesema hakuna!"

"Wala mgonjwa? Wala anayeolewa?"

"Hakuna."

"Sasa umekuja kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya komba," Bi Ziada akasema, bado ana hasira. Kisha akafunua uso, akamtazama mdogo wake, mwenye udongo mpaka magotini. "Na wewe."

Sauda akakaa chini pale pale. "Dada, toka niolewe huku, mmekuja kumzika mkwe, mkaja kumzika mama aliyefia kwangu, mkaja kumzika mume wangu. Kuja kunitazama mimi, leo ndiyo mara ya kwanza."

Akaangua kilio upya, na mara hii hakuna aliyeuliza nani kafa. Tulishusha mchele, tukaanza kupika.