Nusu Chupa ya Kabula

Harufu ya utoto wangu ilitoka kwenye masikio yangu mwenyewe. Wenzangu wakisimulia walikokulia husema mvua ya kwanza, maua ya mbaazi, ugali wa ulezi unaosongwa jikoni. Mimi nakumbuka usaha, na nausema bila aibu kwa sababu niliishi nao tangu nikiwa na miaka mitatu mpaka nilipofika kumi. Ulitoka mwembamba kama uji wa mgonjwa, ukakauka shingoni, na nzi wote wa mkoa, kuanzia kule ziwani Kasanga mpaka kwetu juu, upande wa Kaengesa, walikuwa wanajua njia ya kufika kwangu. Nikisema wote naongeza chumvi, lakini si nyingi. Mama alijaribu kila kitu kinachoweza kumiminika. Masikio hayo yalitiwa mafuta ya karanga yaliyopashwa moto, yakatiwa maji ya majani yaliyotwangwa, yakatiwa hata maziwa ya shangazi yangu aliyekuwa ananyonyesha, na shangazi akalalamika kwamba mtoto wake atapungua. Kisha ikaja miaka ya ruksa, maduka yakafunguka kila kona, makoti ya mitumba yakafika mpaka kijijini tukaacha kutetemeka kwa upepo wa mwezi wa saba, na dukani pale pale palipouzwa makoti pakauzwa vidonge vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Watu walivifungua kama karanga na kumwaga unga wake sikioni. Wangu uliganda mle ndani kama ukoko wa ugali, na nikawa sisikii hata kengele ya kanisa, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa inasikika mpaka Zambia.

Shuleni nilikaa dawati la dirishani. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu upepo upite kati yangu na wenzangu. Nilikaa peke yangu muhula mzima, nikiangalia matuta ya mashamba na kujifunza mambo mengi kuhusu mbuzi, mpaka alipokuja Kabula. Familia yao ilikuwa imehamia na ng'ombe kutoka kaskazini, na kwetu watu walikuwa bado wanawatazama kwa jicho la pembeni kwa sababu ng'ombe hao walikuwa hawajui mpaka wa shamba. Mwalimu alimnusa Kabula mara moja tu, akamwelekeza dirishani. Sikio lake la kulia lilikuwa linatoa kama yangu yote mawili. Sijawahi kufurahi kwa ugonjwa wa mtu kama nilivyofurahi siku ile. Tuligawana dawati, tukagawana kitambaa cha kujifutia, na kwa kuwa kila mmoja alisikia nusu ya alichosema mwalimu, tulikuwa tunaunganisha nusu zetu na kupata somo moja lenye matobo. Mama zetu nao wakazoeana kwa ajili yetu. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache; katika mikutano ya kijiji nadhani hajawahi kusema hata "ndiyo" peke yake, alisema pamoja na wengine. Mama Kabula alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili, na aliitumia hata akiomba chumvi.

Mwaka ule, ulezi ulipokuwa umeshavunwa, mwalimu aliwaita wazazi wetu. Akasema kwa upole kwamba atavumilia mpaka shule zifungwe mwisho wa mwaka, lakini mtoto asiyesikia, na ambaye wenzake hawawezi kukaa karibu naye, ni afadhali apumzike nyumbani mpaka apone. Neno "apumzike" lilimkaa mama yangu kifuani. Kila mtu alikuwa anamjua msichana aliyekwenda kupumzika nyumbani, na hakuna aliyekuwa anamjua aliyerudi.

Majuma machache baadaye zahanati yetu ikapata mgeni, daktari wa masikio, pua na koo aliyetoka mbali kufanya utafiti. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kwenye paji la uso alifunga taa yenye kioo, ndiyo maana watoto tukamwita Daktari Taa. Alituweka mmoja mmoja kwenye kiti, akavuta sikio nyuma, akachungulia kwa kitochi chenye mdomo mdogo kama wa ndege. Alipiga chuma chenye meno mawili, kikalia, akanigusa nacho mfupa wa nyuma ya sikio, halafu akakisogeza mbele ya sikio na kuniuliza wapi kinalia zaidi. Alisimama nyuma yangu akanong'ona majina ya wanyama ili niyarudie. Nilirudia yote kwa usahihi mpaka muuguzi wetu akagundua kwamba nayasoma midomoni mwake, maana naye alikuwa ananong'ona pamoja na daktari bila kujua. Akageuziwa ukuta, na mimi nikapata mnyama mmoja kati ya kumi.

Kisha akawakusanya akina mama na kuwaeleza anachotafuta. Kuna namna mbili za kutibu sikio linalotoa usaha, akasema. Moja ni kulikausha kwa utambi wa pamba safi mara kadhaa kwa siku, basi. Ya pili ni kulikausha hivyo hivyo na kisha kulitia matone ya dawa. Alitaka kujua kama matone yanaongeza kitu, ama utambi peke yake unatosha, kwa sababu matone yanatoka mbali na lazima yaombwe kwa barua na sababu. Kila mtoto angevuta bahasha iliyofungwa; ndani mlikuwa na neno moja tu, utambi au matone. Baada ya majuma sita angepima masikio yote, na wale wa utambi ambao hawajapona wangepewa matone nao. Mama mmoja akauliza kwa nini yeye, mtu aliyesoma hivyo, hachagui mwenyewe nani apewe nini. Jibu lake nilikuja kusimuliwa na mama mara nyingi sana, mpaka nalijua kwa moyo. "Nikichagua, nitawapa matone wale ninaowaonea huruma," alisema. "Halafu sitajua kilichoponya ni dawa au ni huruma." Akasisitiza kwamba chupa ni ya mtoto mwenye bahasha yake, haigusi sikio la mwingine. Akina mama wakaitikia "ndiyo" kwa pamoja, na ya mama yangu ikiwemo.

Kabula akavuta matone. Mimi nikavuta utambi. Nilijitahidi kutolia, nikafaulu mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: Kabula atapona, atahamishiwa katikati ya darasa na watu wenye masikio, na mimi nitabaki na mbuzi wangu mpaka siku ya kupumzishwa. Njiani kurudi Mama Kabula alikuwa kimya, jambo ambalo kwa kweli lilitutisha sote kuliko bahasha. Tulipofika kwao akamketisha mwanawe juu ya kinu kilichogeuzwa, akamkausha sikio, akafungua chupa. Alikuwa ameambiwa atie matone manne. Akatia mawili, kisha akanigeukia akanivuta kichwa mapajani mwake, pakanukia maziwa ya mgando, akanitia mawili yaliyobaki, moja kila upande. Mama yangu akasema kwa sauti ndogo kwamba daktari amekataza. Mama Kabula akamjibu kwamba daktari halali na sisi kijiji kimoja. Mama akaomba pamba. Vidole vyake vilivyozoea kupembua ulezi vilisokota utambi mwembamba, laini, mgumu kidogo kwenye ncha. Wa Mama Kabula ulikuwa unafanana na kamba ya kufungia ndama. Tangu siku ile mama alisokota tambi za watoto wote wawili, na Mama Kabula aligawa chupa. Asubuhi kabla ya shule, mchana, na jioni jua likiwa bado lipo. Sikuwahi kuwa na mama mmoja tena.

Uzuri wa kugawa matone manne ni kwamba chupa huisha siku ile ile iliyopangwa kuisha. Kila Jumatatu daktari aliinua chupa ya Kabula juu ya mwanga, akaridhika, akamsifu mama yake kwa utiifu mbele ya watu wote. Mama Kabula aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao haukumfaa kabisa. Juma la nne Kabula akawa mkavu. La tano langu la kulia likakauka, na asubuhi moja nikasikia kitu kinachokwaruza, nikatafuta kila mahali, kumbe ni ufagio wa mama uani. Nilisimama mlangoni nikausikiliza mpaka akamaliza, nikamwomba arudie.

Juma la sita daktari akatuita wote. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu. Alisema amepima masikio yote, na wa utambi wamepona karibu sawasawa na wa matone. Kwa hiyo hakuna haja ya kuwasumbua watu na chupa. Ataandika kwamba utambi unatosha, na vijiji vingine vitapelekewa pamba tu. Akatushukuru. Watu wakapiga makofi, lakini makofi yale yalikuwa membamba, yakafa upesi, kila mama akawa anatazama kanga ya mwenzake. Mimi nilikuwa kando ya mama, nikaona vidole vyake vinasokota ncha ya kitenge kama pamba. Mbele yetu alikaa mama mmoja amempakata mtoto mdogo wa kutoka kijiji cha jirani, aliyekuja kuomba dawa siku ile, shingo inang'aa usaha. Mama alimtazama mtoto yule kwa muda. Akasimama. Watu waligeuka kana kwamba nguzo ya nyumba ndiyo imesimama.

"Daktari, samahani," alisema. "Huyu wangu ni wa utambi. Lakini ametiwa matone tangu siku ya kwanza."

Mama Kabula akasimama pembeni yake, na sauti yake safari hii ilikuwa ya kawaida. "Nimemtia mimi. Nusu ya Kabula, nusu yake. Wanakaa dawati moja, daktari. Ningemponya mmoja nimwache mwingine ananuka?"

Daktari akavua taa yake kichwani polepole, akaiweka mezani. Akauliza kama kuna mwingine. Akasimama mama wa nyuma, kisha wawili wa mlangoni, kisha benchi zima likainuka kama kanisani wakati wa Injili. Mwisho muuguzi wetu naye, aliyekuwa na mtoto wa dada yake kwenye kundi la utambi, akaweka kalamu chini akasimama. Daktari akasema wangemwambia tu. Mama Kabula akamjibu kwamba wangemwambia angeichukua chupa. Yule bwana akafikiri, na nampenda mpaka leo kwa kuwa hakudanganya. "Kweli," alisema, "ningeichukua." Akakaa kwenye kiti chetu cha kupimiwa, akacheka mpaka akajifuta macho, ingawa mama alisema baadaye kwamba yaliyofutwa hayakuwa machozi ya kicheko peke yake, maana kazi ya majuma sita ilikuwa imeondoka. "Huruma yangu niliifungia kwenye bahasha," akasema. "Ya kwenu nikaisahau."

Alifuta kijiji chetu kwenye daftari lake, akaandika sababu. Mvua zilipokwisha alirudi, na safari ile hakuvutisha mtoto bahasha. Kijiji kizima kilivuta moja, na kijiji cha ng'ambo ya bonde nyingine, ili jirani akigawa, agawe kitu kile kile. Matone yakashinda. Tuliobaki na usaha tulikuwa tumeshapewa chupa zetu siku ile ile ya kusimama, na shule zilipofungwa mwisho wa mwaka ule mwalimu alitunusa mimi na Kabula, akatuambia tuje mwaka unaofuata tukae popote tunapotaka. Tulirudi dirishani. Tulikuwa tumeshapazoea.

Sikio langu la kushoto lilikauka lakini ngoma yake ilibaki na tundu. Nilipokuja kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na umri wa kuwa shangazi wa mwalimu wangu, nilikaa mwisho kabisa wa upande wa kushoto ili sikio zima limwangalie yeye. Kabula siku hizi yuko Kasanga anauza samaki. Akipiga simu naiweka kulia, ingawa amerithi sauti ya mama yake na ningeweza kuiacha mezani. Mwaka huu kushoto kulianza kutoa tena kidogo, nikaenda kliniki moja hapa Sumbawanga. Sikuchunguliwa na mtu mwenye taa kichwani. Kijana aliingiza kamera nyembamba kama utambi wa mama, na sikio langu likaonekana ukutani kubwa kama pango. Maduka ya dawa siku hizi ni mengi kuliko maduka ya chumvi, na kila mgonjwa kwenye foleni ile alikuwa na chupa yake mkobani. Hakuna aliyeniuliza sikio langu linauma vipi, wala mimi sikumuuliza mtu. Yule kijana, mpole kweli, akasema tundu ni la zamani ila mtu aliyelihudumia alifanya kazi nzuri, kisha akashika kalamu na kuuliza nilitibiwa kwa dawa gani, kipimo gani.

"Andika nusu chupa," nikamwambia. "Ya Kabula."

Akaniuliza Kabula ni kampuni ya wapi.